Cheche Mbili kwa Kila Rota

Kabla ya kuruka, rubani wa ndege ndogo yenye injini ya Lycoming au Continental husimama karibu na mwanzo wa njia ya kurukia, huongeza moto hadi mizunguko 1,700 au 1,800 kwa dakika, kisha huzungusha ufunguo: kushoto, kulia, halafu zote mbili. Mlio hupungua kidogo, hurudi, hupungua tena, hurudi. Anazikagua magneto. Magneto ni sumaku inayozungushwa na injini yenyewe, ikazaa umeme wa plagi bila kuiomba betri chochote. Alternata ikiungua angani, redio ikizimika, taa zote zikifa, injini itaendelea kunguruma ilimradi petroli inafika. Kila silinda ina plagi mbili, na kila seti ya plagi ina magneto yake, hivyo moja ikifa nyingine inakufikisha. Hata injini ya ndugu Wright ya mwaka 1903 ilipata cheche zake kwa magneto. Ni urithi mzito, na watu ninaowasimulia hapa waliuacha wakijua wanachokiacha. Waliweka kompyuta mahali pake, tena kwenye injini iliyotolewa katika gari.

Injini yenyewe ilianzia Ujerumani. Felix Wankel, aliyezaliwa mjini Lahr mwaka 1902, alisajili hataza yake ya kwanza ya injini ya kuzunguka mwaka 1929. Ilimchukua karibu miaka 30 kuiona ikiwaka: tarehe 1 Februari 1957, katika kiwanda cha NSU huko Neckarsulm. Ile ya kwanza ilikuwa tata mno, kwa sababu kasha la nje nalo lilizunguka pamoja na rota. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, ndiye aliyeirahisisha. Alilifunga kasha lisizunguke, akaiacha rota ya pembe tatu izunguke ndani yake juu ya shafti moja. Kila upande wa rota huvuta hewa, huikandamiza, huiunguza na kutoa moshi, kwa mfuatano usiokatika. Hakuna pistoni ya kwenda na kurudi, hakuna valvu. Katika injini ya rota mbili, vitu vikubwa vinavyozunguka ni vitatu tu: rota hizo na shafti yao.

Aliyeifanya idumu ni Mjapani. Kampuni ya Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo leo tunaiita Mazda, ilinunua leseni mwaka 1961 na kumkabidhi kazi Kenichi Yamamoto pamoja na kikosi cha wahandisi 47. Adui wao alikuwa mikwaruzo. Vibanzi vya chuma vilivyofungwa kwenye ncha za rota ili kuziba kila chumba vilitetemeka vikipita, vikalichanja kasha kwa mistari ambayo wahandisi waliiita kucha za shetani. Baada ya majaribio mengi waliipata dawa katika vibanzi vya kaboni iliyochanganywa na aluminiamu. Mwaka 1967 gari la Cosmo Sport likaingia sokoni likiwa na rota mbili. Baadaye zikaja RX-7 kuanzia 1978, na kilele cha mwaka 1991, pale gari la mbio lenye rota nne liliposhinda Le Mans, ushindi wa kwanza wa kiwanda cha Kijapani katika mbio hizo.

Katika ukoo huo wote, iliyotafutwa zaidi na waunda ndege ni 13B: rota mbili, kila chumba sentimita za ujazo 654. Marekani ilijaa RX-7 zilizogongwa na kulazwa kwenye viwanja vya spea huku injini zake zikiwa nzima. Na Marekani hiyohiyo ina sheria inayomruhusu raia kuunda ndege yake na kuisajili kama ya majaribio, mradi sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe kwa kujifunza au kujiburudisha. Chama cha waundaji hao, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny huko Milwaukee mwaka 1953, na kwa miongo mingi sasa mkutano wao wa kila mwaka hufanyika Oshkosh, Wisconsin. Mtu alinunua vipande vya ndege ya Van's RV-4 au RV-6 kutoka Oregon, akapiga ribiti kwenye gereji kwa miaka kadhaa, halafu akafika kwenye swali la injini. Lycoming mpya iliweza kumgharimu kuliko mwili mzima wa ndege. 13B kuukuu, ikifunguliwa na kufungwa upya, ilitoa nguvu za farasi 160 na zaidi kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Ilikuwa na sifa nyingine iliyowavuta zaidi ya bei. Injini ya pistoni ikivunja konrodi au ikimeza valvu, mara nyingi safari imeishia hapo. Rota ikivunja kibanzi, hupoteza nguvu, hutetemeka, lakini kwa kawaida huendelea kuzunguka. Kwa mtu aliyebeba mkewe juu ya msitu, hilo ni jambo la kupimwa kwa uzito. Kampuni ya Curtiss-Wright iliona thamani hiyo mapema. Ilichukua leseni mwaka 1958, na injini yake ya rota ikaisukuma Q-Star ya Lockheed, ndege ya upelelezi iliyoundwa iruke kimyakimya. Soko la ndege za raia halikufunguka, na kazi ikabaki mikononi mwa watu wa gereji.

Hao ndio waliogundua kwamba usahili wa injini hii ulikuwa umehamia kwingine na kugeuka kuwa utata. Tazama hesabu. 13B ndani ya ndege hufanya kazi kwenye mizunguko 6,000 ya shafti kwa dakika, yaani 100 kwa sekunde. Propela haipendi kasi hiyo, kwa hiyo inahitaji giaboksi ya kuipunguza. Kila rota huwaka mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, hivyo rota mbili hudai mawako 200 kwa sekunde. Chumba cha kuunguzia ni kirefu na chembamba, na moto ukiwashwa sehemu moja hauwahi kufika mwisho, ndiyo maana kila rota ina plagi mbili: moja hutangulia, ya pili hufuata digrii kadhaa baadaye. Magneto za ndege hazikuundwa kwa mpangilio huo wala kwa kasi hiyo.

Petroli nayo ina dai lake. Katika injini ya kawaida ya mipigo minne, nozeli inayonyunyiza petroli ina mizunguko miwili ya shafti kumaliza kazi yake. Kwenye rota ina mmoja tu, na katika mizunguko 6,000 huo ni milisekunde 10. Nozeli ndogo haitoshi kwa nguvu kamili, na kubwa itamwaga petroli ovyo injini ikiwa imetulia. Mazda walilitatua kwa kuweka nozeli za aina mbili: za msingi zinazofanya kazi muda wote, na za pili zinazoamka mzigo ukiongezeka. Lazima kuwe na mwenye kuamua ziamke lini, na kwa kipimo gani, mara 100 kwa sekunde. Mkono wa binadamu hauwezi.

Waundaji wa kwanza waliikwepa kazi hiyo kwa kufunga kabureta na distributa, na wengine waliruka hivyo kwa miaka. Lakini kabureta huganda barafu hata siku isiyo baridi sana, ikiwa hewa ina unyevu, na rota hula petroli vibaya inapolishwa kwa kukisia. Wakati huo magari yalikuwa yamekwisha kusonga mbele. Bosch walileta D-Jetronic, mfumo wa kunyunyiza petroli kwa elektroniki, mwaka 1967 kwenye magari ya Volkswagen, na kufikia kati ya miaka ya 1980 RX-7 zenye 13B zilitoka kiwandani na kompyuta ya petroli. Kwa nini basi usiing'oe kompyuta ya gari pamoja na injini yake?

Walijaribu, na sababu za kushindwa zinafundisha kuliko mafanikio mengi. Kompyuta ya gari imefundishwa kulinda gari. Ikipoteza ishara ya sensa moja, hupunguza nguvu ili dereva asogee taratibu pembeni mwa barabara apige simu. Angani hakuna pembeni mwa barabara. Tena hutegemea sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye ekzosi ili kupima mchanganyiko, na petroli ya kawaida ya ndege, ile ya 100LL, inaweza kuwa na risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Risasi huiua sensa hiyo. Kikubwa kuliko yote, kompyuta ya gari ni moja tu. Mtu aliyezoea magneto mbili anaombwa auning'inize uhai wake kwenye kisanduku kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya foleni za mjini.

Aliyelitazama tatizo hilo kwa macho ya rubani alikuwa Tracy Crook wa Florida, aliyefunga 13B kwenye RV-4 yake na kuirusha kwa muda mrefu. Chini ya jina la Real World Solutions aliwauzia wenzake giaboksi za kupunguza mzunguko, zilizotumia gia za sayari kutoka katika giaboksi otomatiki za Ford, na aliandika kitabu cha mwongozo kwa wanaotaka kuigeuza injini ya Mazda iwe ya ndege. Kazi yake iliyobaki vinywani mwa watu hao ni mfululizo wa kompyuta za injini, na hasa ile iliyoitwa EC2. Ndani ya kasha lake dogo kulikuwa na kompyuta mbili, A na B, na swichi moja kwenye dashibodi ya kuchagua ipi inatawala. A ikianza wazimu, rubani anapiga swichi, B inashika.

Kompyuta hiyo haikujaribu kupima hewa kwa kifaa kinachozuia njia yake. Ilisoma mgandamizo ndani ya bomba la kuingizia hewa na kasi ya shafti, ikatazama jedwali lake, ikaamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Kadiri ndege inavyopanda na hewa kuwa nyepesi, mgandamizo hushuka na petroli hupungua yenyewe. Rubani wa Wilson, Nairobi, uwanja ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, anajua maana ya hilo. Mwenye kabureta hulazimika kuvuta mkono wa kupunguza petroli hata kabla ya kuruka, la sivyo injini itasongwa na utajiri wa mchanganyiko.

Hapa ndipo ninapomheshimu Crook zaidi. Aliacha kitufe cha mchanganyiko. Kompyuta ilikuwa na hesabu yake, lakini kando ya swichi ya A na B palikuwa na kitufe cha kuzungusha, na rubani aliweza kuongeza au kupunguza petroli kwa mkono wake, akisikiliza. Sensa ikidanganya, jedwali likiwa na kasoro, injini ikikohoa, vidole vya mtu bado vina pa kushika. Kulikuwa na swichi za kuzima nozeli za msingi au za pili, kwa sababu nozeli iliyokwama wazi inaweza kuizamisha rota kwa petroli. Na koili za plagi tangulizi zilikaguliwa mbali na za plagi fuatizi. Ukizima zile zinazofuata, mlio hushuka kidogo. Ukizima zile zinazotangulia, hushuka zaidi. Mwisho wa njia ya kurukia, mwenye rota alikuwa na ukaguzi wake unaofanana kabisa na ule wa magneto, na nina hakika mfanano huo uliokoa watu, kwa kuwa mazoea mema ya zamani yalipata pa kuendelea.

Kulipanga jedwali ilikuwa kazi ya subira. Hakuna ndege mbili zenye mabomba yaliyokunjwa sawasawa, nozeli zilezile na ekzosi ya urefu uleule, kwa hiyo kila mwundaji alilazimika kuifundisha kompyuta yake. Alianza ardhini, magurudumu yamezuiwa kwa vigingi na mkia umefungwa kamba. Alipandisha mgandamizo hatua kwa hatua, akatazama kipimo cha mchanganyiko, akarekebisha nafasi moja ya jedwali hadi mlio ulainike, akasogea inayofuata. Mahali pa hatari palikuwa pale nozeli za pili zinapoamka. Zikiamka na kipimo kisicho sawa, injini hushtuka au huzubaa kwa sekunde moja, na sekunde hiyo ikiangukia mita 50 baada ya kuacha ardhi, mtu hataisahau. Wenye hekima walimaliza sehemu ya juu ya jedwali wakiwa juu ya uwanja, mwinuko mkubwa chini yao, mmoja akirusha ndege na mwingine akishughulika na vitufe. Wasio na hekima walifanya vyote viwili peke yao.

Swali la umeme lilibaki, na ndilo lililotenganisha mafundi makini na wengine. Kompyuta inataka umeme, koili zinataka umeme, nozeli na pampu za petroli zinataka umeme. Sifa ya rota ya kutokufa haina maana ikiwa fyuzi ya bei ya peremende inaweza kuinyamazisha. Hivyo zikaingia betri mbili, njia ya umeme ya mambo ya lazima iliyotengwa na taa na redio, pampu mbili kila moja na waya wake, na kila kompyuta ikapata chanzo chake. Kompyuta mbili zinazokula kwenye waya mmoja, mbele ya waya huo, ni kompyuta moja.

Mfano wa wazi kabisa wa hatari hii ulitokea nje ya ulimwengu wa rota na wa ndege za kujiundia. Tarehe 4 Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, ndege ya Diamond DA42 yenye injini mbili za dizeli za Thielert, zilizotokana na injini ya gari la Mercedes na kutawaliwa na kompyuta kikamilifu, iliwashwa kwa umeme wa nje kwa kuwa betri yake ilikuwa imekwisha. Iliruka. Rubani alipokunja magurudumu, mota zake zilivuta umeme mwingi, volti zikaanguka kwa kitambo kidogo sana, na kompyuta za injini zote mbili zikajizima na kuanza upya. Propela zikajigeuza kana kwamba injini zimekufa. Ndege ikarudi chini mbele ya uwanja, na waliokuwamo wakanusurika. Injini mbili, vibali vyote vya kiserikali, na kitambo kifupi cha upungufu wa volti kikatosha. Watu wa gereji waliokuwa wakibishana kuhusu betri ya pili walipata jibu.

Crook hakuwa peke yake sokoni. Huko Calgary, Kanada, Simple Digital Systems waliuza kompyuta zilizoweza kufungwa kwenye rota na kwenye injini nyingine nyingi, na walijenga jina kwa kutokuongeza mbwembwe. Mwaka 2001 Bruce Bowling na Al Grippo walitoa MegaSquirt, kompyuta ya petroli ambayo mtu huinunua vipande na kuichomelea mwenyewe kwa risasi ya solda, na baadhi ya waunda ndege wakaijaribu. Kwa mtu anayejua kusoma saketi ilikuwa shule nzuri. Kwa asiyejua, ilikuwa njia ya kupeleka solda mbovu angani, na mimi singeifunga bila ya pili kando yake. Kule Geneva, kampuni ya Mistral Engines ilijaribu kuvusha rota hadi upande wa vibali kamili, na kompyuta zenye akiba yake ndani. Injini zake hazikufika sokoni kwa wingi. Gharama za kuthibitisha injini kwa ajili ya ndege humeza kampuni zenye mifuko minene kuliko hiyo.

Mwaka 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa uchunguzi wake kuhusu ndege za kujiundia. Ulionyesha kwamba kufeli kwa mfumo wa injini na kupoteza udhibiti angani ndiyo matukio yaliyoongoza kwa mbali katika ajali zao, na bodi ikapendekeza mfumo wa petroli ujaribiwe kikamilifu kabla ya safari ya kwanza. Mtu aliyefuatilia ndege za rota hakushangaa. Habari za kutua kwa dharura zilizozungumzwa zaidi kati yao hazikuhusu rota zilizopasuka. Zilihusu petroli iliyochemka ndani ya bomba lililopita karibu na ekzosi, rejeta iliyofungwa mahali hewa haipiti, plagi ya waya iliyolegea nyuma ya dashibodi, giaboksi, turbo. Mazda walikuwa wamemaliza kazi yao Hiroshima. Kilichobaki kilikuwa cha mwundaji, na kiligharimu muda mrefu kuliko alivyoambiwa Oshkosh.

Mwaka huohuo wa 2012 Mazda walisimamisha RX-8, na pamoja nayo bomba la injini kuukuu likaanza kukauka. Vibanzi na makasha bado hupatikana kwa anayetafuta, ila bei yake si ile iliyowavuta watu mwanzo. Waundaji wengi wapya huchagua Lycoming, na baadhi yao huivua magneto na kuifunga kompyuta za petroli na cheche, zikiwemo za Calgary, pamoja na betri mbili na njia ya umeme ya mambo ya lazima, kwa michoro ambayo mwenye rota wa miaka ya 1990 angeitambua papo hapo.

Na Machi 2012 Rotax wa Austria walitangaza 912 iS, injini ndogo ya kiwandani yenye nozeli badala ya kabureta. Ina kompyuta yenye njia mbili, A na B, jenereta mbili ndani yake, na swichi za kuzijaribu njia hizo moja baada ya nyingine. Mwanafunzi wa urubani anayejifunzia kwenye ndege yenye injini hiyo hufundishwa kusimama kabla ya njia ya kurukia, kuzima A na kusikiliza, kuirudisha, kisha kuzima B.